Kula Hotelini na Sura ya Kaka

Mwaka niliopungua mwili, watu wa Kibiti walianza kunitazama kwanza ndipo wanisalimie. Mtu anakuja zake, ananiona, hatua zinapungua, macho yanatafuta kitu usoni kwangu, halafu ndiyo ananipa mkono. Nilijua wanamtafuta nani. Mimi na kaka yangu tumefuatana ziwa, lakini enzi za afya hakuna aliyetufananisha, kwa sababu yeye alikuwa mnene wa kifua na mimi mnene wa tumbo. Unene ulitutenganisha. Ulipotuondoka, kila mmoja kwa wakati wake, ikaonekana kwamba mifupa ilikuwa ile ile.

Yeye alikonda miezi yake ya mwisho, akafa. Mimi nikakonda baada yake, kwa ushauri wa hospitali, nikiwa mzima na nikitembea mjini. Sasa niambie, watu wafanye nini?

Siku ya kwanza niliporudi kwenye hoteli tuliyozoea, pale karibu na stendi, mama mwenye hoteli alikuwa anapakua. Aliinua macho, upawa ukabaki hewani, tui likamdondokea kwenye kanga. Alichukua sahani, akapakua wali wa nazi, akaweka samaki wa kupaka, akamwagia tui zito juu yake, akaniletea kwenye meza ya pembeni chini ya feni mbovu. Mimi sikuwa nimeagiza kitu. Ile ilikuwa sahani ya kaka, na ile ilikuwa meza yake. Nilikaa mbele ya chakula hicho kama mtu anayemlindia mwenzake aliyekwenda kunawa. Baadaye mama wa watu akaja kuomba radhi, akasema mikono yake ilipakua yenyewe. Nilimwambia hakuna neno, lakini sikula, na usiku wake nilihisi njaa na aibu kwa pamoja.

Kupimwa kwenyewe sikwenda kwa hiari. Baada ya arobaini ya kaka, mke wangu alinipeleka hospitali kwa pikipiki yangu mwenyewe, akakaa nyuma na kunishika kiuno ili nisigeuze njia. Majibu yakatoka: lehemu imejaa kwenye damu, presha iko juu. Yalikuwa maneno yale yale aliyoambiwa kaka, tofauti ni kwamba yeye aliyaficha miaka, akawa anatuambia anasumbuliwa na kiungulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siku kifua kilipombana kweli ndipo alipoacha kila kitu kwa mkupuo: nyama, mayai, chapati, mafuta ya kupikia, hata wali. Akawa anakula mihogo ya kuchemsha na chumvi. Mwili ukamwisha, watu wakasema amerogwa, wengine wakasema maradhi makubwa, na mama yetu akasema ni njaa. Akafa asubuhi moja akifunga viatu aende kupokea kamba wake waliotoka visiwani, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake.

Mimi nilikuwa na hofu, sioni haya kusema. Nilikuwa na hofu ya kufa, na zaidi nilikuwa na hofu ya mama kuletewa habari ile kwa mara ya pili. Mwanamke aliyezika mtoto mmoja huwezi kumwambia azike na wa pili ndani ya mwaka.

Dada wa lishe pale hospitali alinieleza vizuri. Sahani nusu iwe mboga, robo wanga, robo samaki au kunde. Mafuta hakunikataza, alisema mwili unayataka, ila yawe na kipimo: kwa mlo mmoja yasizidi ncha ya kidole gumba, na yale yaliyojificha ndani ya chakula niyahesabu pia. Halafu akaniuliza huwa nakula wapi. Nikamjibu kwamba nakula kwa watu. Mimi ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Leo niko Chumbi, kesho Mkongo, keshokutwa wamenipigia simu kutoka ng'ambo ya mto, na nyumbani ninalala tu. Akatikisa kichwa, akasema basi kazi yangu yote itakuwa huko huko kwa watu, maana jikoni kwangu mke wangu angenisimamia.

Alisema kweli. Hakuna kitu kigumu kama kulinda mafuta mahali ambapo mafuta ndiyo heshima. Mama lishe akikupenda anakuongezea mchuzi wa juu, ule unaong'aa. Mwenye mashine akitaka umtengenezee haraka anakuagizia chipsi mayai na kuku wa kukaanga, na anakaa karibu aone unavyofurahi. Ukikataa, umekataa mtu. Nilijifunza kukataa chakula bila kumkataa mtu, na ilinichukua muda.

Nilijifunza hivi. Supu ya asubuhi naiacha itulie kwanza, nazungumza habari za mashine mpaka mafuta yapande juu, nayakusanya kwa kijiko nayaweka kwenye kisosi. Samaki naomba wa kuchoma au wa chukuchuku, yaani aliyechemshwa kwa chumvi na ndimu. Kuku namvua ngozi, nailaza ukingoni mwa sahani, paka wa Mkongo wananijua. Mchuzi naomba uje kwenye kibakuli pembeni, nachovya badala ya kumwagia, ingawa mchovya asali hachovyi mara moja na mimi ni binadamu. Hila kubwa kuliko zote ni kuwahi. Kila anayepika kwetu anajua kwamba chakula cha nazi huiva kwanza kwa tui jepesi, na kasimile, lile tui la kwanza zito, hutiwa mwishoni kabisa chungu kikikaribia kuepuliwa. Ukifika mapema ukamwomba mpishi akutolee bakuli lako kabla ya kasimile, unapata ladha ya nazi na unaacha mzigo wake. Mama mmoja wa Chumbi alinielewa haraka. Akawa ananipigia simu kabisa: fundi, nakaribia kutia, uko wapi. Mafundi wenzangu walinicheka wakasema siku hizi nakula kwa fatwa.

Kilichonishinda ni mboga. Nusu sahani mboga, alisema dada wa lishe, na maneno hayo yanafaa mahali ambapo mboga hupikwa kwa maji. Kwetu mboga huogelea. Kisamvu ni cha nazi, kunde ni za nazi, mchicha wa nazi, matembele ya nazi. Mboga isiyotiwa nazi anapewa mgonjwa wa tumbo, au ni ishara kwamba ndani hamna kitu. Na hakuna mtu wa kwetu anayeihesabu nazi kuwa ni mafuta. Mafuta hutoka dukani, yamo kwenye dumu. Nazi huanguka nyuma ya nyumba. Ukimwambia mtu apunguze mafuta, atakuelewa, ataliweka dumu kabatini, na jioni atakuna nazi moja zaidi ili chakula kisipoteze ladha. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo wiki za kwanza, nikajisifu, mpaka dada wa lishe aliponiuliza mboga yangu inapikwaje.

Nilikuwa nakula peke yangu siku nyingi, lakini sikuwa peke yangu. Sina haja ya kumshawishi mtu aamini. Kila nilipovua ngozi ya kuku nilimhisi kaka upande wa pili wa meza, akiitazama ile ngozi. Hakuwa na hasira, alikuwa na njaa. Alikuwa na ile njaa ya miezi yake ya mwisho, ya mtu mkubwa anayeomba radhi kwa kutaka kula. Nilikuwa nikiinua kijiko namwona anakifuata kwa macho. Nikifika nyumbani nikijiangalia kwenye kioo cha kunyolea ndevu, ni yeye. Kanzu yake niliyopewa kwenye arobaini ilikuwa inanibana wakati ule, nikaikunja nikaiweka. Nilipoijaribu baada ya kupungua ilinikaa sawasawa, mabegani na kila mahali, na mke wangu aliponiona akatoka chumbani.

Mama anaishi kisiwani, ndani kabisa ya delta, kwenye nyumba ile baba aliyoijenga wakati anakata boriti za mikoko. Nilikuwa sijamwona tangu arobaini. Nilipokwenda, nilishuka kwenye boti nikatembea juu ya tope lililokauka mpaka mlangoni, nikapiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Nikasema shikamoo mama. Alinitazama kuanzia miguuni. Alipofika usoni mkono wake uliacha kukuna, akakaa hivyo, kifuu mkononi.

"Marahaba," akasema. "Nawe umeanza."

Nikamweleza kwamba huku kukonda kwangu ni kupona, siyo kuumwa, kwamba nimepimwa tena na presha inashuka vizuri. Alisikiliza, lakini sikio lake halikuwa kwangu. Alipika mchana huo chakula cha watu kumi. Nilifanya hila zangu zote: nilianza na samaki, nikachovya, nikazungusha, nikasifu, nikaacha. Alitoa vyombo, na niliposimama kunawa nilimwona jikoni amelishika bakuli langu la kisamvu nililoliacha, analitazama tu. Nilirudi Kibiti nimechukia, maana niliona kwamba nimemwogopesha mama yangu kwa kufanya lile jambo pekee la kunifanya nisimwogopeshe.

Mke wangu akasema shida ni kwamba mama hajaelezwa. Yeye na mama wanaelewana, huzungumza kwa simu kama mashoga. Akampigia, akamweleza kwa utaratibu, kama dada wa lishe alivyotueleza sisi: lehemu ni nini, inafanya nini kwenye mishipa, na kwamba nazi nayo, hasa kasimile, ni mafuta, na mazito kuliko mengine mengi. Nilikuwa karibu, simu iko kwenye spika. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo siyo tabia yake. Kisha akauliza, "Hata ile ya kwenye mboga?" Mke wangu akamjibu kwamba hiyo hasa, mama, kwa sababu mboga ndiyo tunayoambiwa tule nyingi. Simu ikakatika. Tukadhani ni mtandao, visiwani mtandao huja na kuondoka.

Tulitegemea atapunguza. Akazidisha. Nilipokwenda tena, kisamvu kilikuwa kimekauka kwa kasimile mpaka mafuta yanachuruzika pembeni ya bakuli. Safari iliyofuata aliniwekea hata kwenye uji. Na safari hizo hakuwa mama wa kubembeleza, alikaa mbele yangu, amekaza uso, akihesabu matonge yangu. Sasa nikakasirika kweli. Niliporudi nilimwambia mke wangu kwamba mama ameelezwa na ameelewa na bado anafanya, kwa hiyo ni ukaidi tu wa kizee. Mimi niliona mtu anayenisukuma kaburini kwa upawa, na mtu huyo ndiye aliyenizaa, na sikujua nimwambie nini nisije nikakosa radhi.

Mwaka wa kaka ulipotimia tukafanya hitima kisiwani, kwa sababu huko ndiko alikozikwa. Mke wangu alinifungashia kanzu, na nilipoikunjua asubuhi nikaona ni ile ya kaka; ilikuwa imelala pamoja na yangu kwenye sanduku, akakosea. Nyingine sikuwa nayo. Nikaivaa. Nilipotoka uani wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, na mama akaingia ndani.

Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, masinia yakaja. Kula sinia moja na watu ni kazi kuliko hoteli yoyote, kwa sababu huna sahani yako, una upande wako tu, na wenzako wanausimamia. Mzee wa kulia kwangu alikuwa kila akipata pande la bata lenye ngozi analisukuma upande wangu, kwa kuwa mimi ndiye mfiwa. Kwa adabu nami nikawa nalisukuma kwa kijana wa kushoto. Nilikula wali wa pembeni usiofikiwa na mchuzi, nikala nyama nyeupe, nikachelewa kutafuna ili mkono wangu usionekane umesimama. Watu walishiba, wakanawa, wakaaga. Boti zikaanza kuondoka na maji. Nilijiona nimefaulu.

Ndipo mama akaniita ndani, akaniambia nikae, akaufunga mlango.

Upande wa mama yangu wana jambo lao. Hitima ya mwaka ikiisha na wageni wakishaondoka, hupikwa chungu kidogo cha kile alichokipenda marehemu, na hulishwa mtu wa damu yake anayefanana naye kuliko wengine. Masheikh wetu hawalitaki, wameshalikemea, na ndiyo maana wanawake hulifanya mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa nalijua tangu utoto na nilikuwa nimelisahau. Mama akatua sinia juu ya mkeka mbele yangu, akalifunua kawa. Palikuwa na wali, bata na ngozi yake yote, na bakuli la kisamvu. Hakuna kitu hapo ambacho hakikuwa kinang'aa.

Nikamwambia nimeshakula na wenzangu.

"Hukula," akasema. "Nilikuwa dirishani. Ulikuwa unasukuma."

Uvumilivu ukaniisha. Nilikuwa nimechoka, nimevaa nguo ya maiti, na mwaka mzima nilikuwa nimekula huku natazamwa na mtu asiyekuwepo. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake. Nilimwambia, "Mama, unataka nami nife? Kaka hakufa kwa njaa."

Sikuona akishtuka. Alikaa chini, akaivuta kanga yake ikae vizuri magotini.

"Najua hakufa kwa njaa," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

Nikamwuliza anamlishaje na yeye yuko kisiwani na kaka yuko Kibiti. Akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayesema jambo alilokwisha kulisema peke yake mara nyingi. Kaka alimpigia simu kifua kilipombana, akamwambia ameambiwa ale mboga kwa wingi, na mboga za huko mjini hazimpandi.

"Nikachuma kisamvu kwa mkono wangu," akasema. "Nikakitwanga. Nikakuna nazi, nikakitia kasimile tupu, maji sikutia, maana mgonjwa hupewa kilicho bora. Kila boti ya asubuhi iliyotoka hapa ilitoka na chombo chake. Akanambia, mama, hiki ndicho chakula pekee ninachokimaliza. Nikafurahi. Nikazidisha."

Nikavikumbuka vile vyombo. Vilikuwa vya plastiki, vyenye vifuniko vya bluu, vimepangwa kwenye kibaraza cha nyumba ya kaka vikisubiri kurudishwa, na mimi nilivipita kila nilipokwenda kumjulia hali. Nilidhani ni vya biashara yake ya kamba.

"Kisha mkeo akanambia," akasema mama. "Na wewe kila ukija hukitaki. Kila ukilisukuma bakuli, unanambia kuwa ni mimi."

Nikamwambia siyo yeye. Nilimwambia kila nilichokijua: kwamba maradhi yale yalikuwa ya miaka, kwamba kaka aliyaficha, kwamba barabarani alikula nyama za mafuta na chipsi na sigara juu yake, kwamba hakuna daktari anayeweza kunyooshea kidole chakula kimoja akasema hiki ndicho. Na hayo yote ni kweli, na mpaka leo nayaamini. Mama aliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza lugha ya wageni wake.

"Ule, mwanangu," akasema. "Ule hiki nilichokuwa nampa, uamke kesho mzima, nami nipate kujua kuwa siyo mimi."

Nilielewa basi zile safari zote, kisamvu kinachochuruzika na ule uso uliokazwa. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka, na njia ilipita kooni kwangu. Moyo ulinivunjika, na hasira ilikwenda mahali ambapo sijaiona tena. Nilijua pia, kwa akili ya dada wa lishe, kwamba mlo mmoja hauui mtu, na kwamba mtu wa kupanga chakula chake anaweza kuuruhusu mlo mmoja akajirekebisha kesho yake. Nikasema bismillahi, nikanawa kwenye bakuli alilonishikia.

Tonge la kwanza nililichovya kwenye kisamvu. Kilikuwa kitamu mno, kitamu cha kuumiza taya, mwaka mzima sikuwa nimeonja kitu kama kile. Nikamwelewa kaka. Kwa mtu anayeshinda na mhogo na chumvi, hicho kilikuwa ndicho kitu pekee kilichomwambia kwamba bado yumo duniani, na mama ndiye aliyempelekea. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa kuwa mkono ulikuwa na chakula. Mama hakuwa akiutazama mkono wangu. Alikuwa akilitazama koo langu, akilifuata tonge linavyoshuka, na midomo yake ilikuwa inasoma kitu.

Tonge la pili nikachukua ngozi ya bata, yote, na mafuta yake, ili aone. Nikaitafuna, nikaimeza. Nikamwona ameacha kusoma.

Nikakata la tatu. Lilikuwa limekaribia mdomoni aliponidaka kifundo cha mkono. Sikujua kwamba bado ana nguvu zile. Tonge likaanguka kwenye mkeka.

"Basi," akasema. "Basi, mwanangu. Imetosha."

Nikamwambia bado sijala, mama, niache nile. Nilitaka kula, Mungu ni shahidi yangu, nilitaka kulimaliza lile sinia lote nikalala hapo na kuamka mbele yake. Hakuniachia. Kwa mkono wa pili alilivuta sinia likamfikia, wali ukamwagika, akalisukuma nyuma yake mpaka ukutani nisilifikie, akakaa kati yangu na chakula alichokipika mwenyewe. Nilifungua mdomo nimwambie tena kwamba siyo yeye, lakini kwa kunizuia alikuwa ameshanijibu, na mkono wangu alikuwa bado ameushika.